Jogoo wa Uzi Mwekundu

Jogoo tulimnunua kwa Mama Paskalia, shilingi kumi na mbili, na Telesphori akaona tumepunjwa. Mama Paskalia ndiye aliyekuwa akitupikia pale Maganzo. Aliuliza kama amchinje. Tukasema hapana, tunamfuga. Akatutazama, wanaume watatu tusiokuwa na hata kitanda, akacheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Mnafuga jogoo mmoja bila tetea? Mayai mtataga ninyi?"

Tulikuwa na jiwe.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne. Watu walikuwa wamekwisha kuhamishiwa vijijini, na miji yao ya zamani imebaki na nyumba zisizo na paa. Sisi tulichimba ndani ya zizi la mji mmoja kama huo, nusu saa kwa miguu kutoka Maganzo. Zizi lina faida zake. Magogo ya uzio yalikuwa bado yamesimama, mpita njia haoni kitu, na samadi ni laini, unachimba kama unakata ugali. Tulipofika futi ya tano tulimkuta mwenye mji.

Kwetu Usukuma mzee mwenye mji anazikwa zizini mwake, amefungwa katika ngozi mbichi ya fahali wake mwenyewe. Ya huyu ilikuwa imebaki vipande vikavu kama magome. Telesphori na Gelasius walikuwa watu wa Ushirombo, Wakatoliki, wakataka tuhamishe shimo. Mimi Msukuma ndiye niliyeshuka nikamtoa mzee. Nikamtia kwenye gunia la pamba, nikamfukia kando ya uzio, kina cha magoti. Sikusema neno. Baada ya chakula kazi iliendelea.

Nalisema hili mapema kwa sababu baba yangu mwenyewe alikuwa anakufa, kule Segese.

Mzee Mageni alikuwa na ng'ombe tisa. Wanane niliwauza mmoja mmoja kwa shida hii na ile. Wa tisa alikuwa dume lake, nikaliuza kununua mtaimbo, kamba na chekeche, nikamwahidi kwamba kabla ya masika nitamrudishia madume mawili. Masika yakapita. Dada yangu Scolastika akanitumia ujumbe kwa dereva wa lori la pamba: baba haamki tena, uji anautema, na anasema hafi mpaka dume lirudi, kwa sababu hawezi kuzikwa katika blanketi kama mtu asiye na mji. Mtu kama baba yangu akisema hafi, ujue anakufa.

Kwa hiyo nilihitaji dume moja. Watu wakisikia habari hii wanadhani nilitaka utajiri. Nilitaka ngozi.

Jiwe la almasi tulilipata Jumamosi, mwezi wa nane wa kuchimba. Lilikuwa na ukubwa wa punje mbili za mahindi, jeupe, halina doa. Gelasius alilitoa kwenye chekeche akaliweka ulimini kulisafisha, na Telesphori akamshika taya papo hapo.

"Tema."

"Nalisafisha tu."

"Lisafishie mkononi, shemeji."

Walikuwa mashemeji kweli. Gelasius alimwoa Theopista, dada yake Telesphori. Gelasius alikuwa mwembamba, mwenye rozari shingoni, mwoga wa kila kitu. Telesphori alikuwa na akili kuliko sisi wawili, na alilijua hilo.

Mnunuzi wetu aliitwa Kamili. Alikaa Ibadakuli, akija Maganzo kila Ijumaa na Land Rover, miguuni viatu vyeupe. Aliwahi kutuambia kwamba jiwe la namna ile angelitolea elfu kumi na nane bila kubishana. Ijumaa ilikuwa bado siku sita. Maganzo siku zile upekuzi ulikuwa wakati wowote, godoro linachanwa, mtu anavuliwa viatu. Lakini taabu yetu kubwa haikuwa upekuzi. Taabu ilikuwa nani akae nalo.

"Nikae nalo mimi," Gelasius alisema. "Mimi nilitumikia misa miaka minne."

"Ndiyo maana usikae nalo," Telesphori akamwambia. "Sadaka ya Pasaka ilipotea wewe ukitumikia."

"Ilipatikana."

"Ilipatikana nusu."

Hapo ndipo Telesphori alipofikiria kuku. Kuku hana meno, alisema, anasagia chakula kwenye firigisi kwa kokoto alizomeza. Kokoto ikishaingia firigisi inakaa, haitoki kesho wala keshokutwa. Askari anaweza kumpekua mtu mpaka utumboni, lakini hajazaliwa anayempekua kuku. Ijumaa tunamchinja mbele ya Kamili, basi.

Tulilifunika jiwe kwa tonge la ugali. Mimi nikamshika jogoo, Gelasius akamfungua mdomo, Telesphori akasukuma kwa kidole. Jogoo akameza, akapiga mbawa, akawika. Gelasius akafanya ishara ya msalaba. Tangu saa ile jogoo alikuwa na thamani kuliko sisi watatu tukijumlishwa, na nadhani alijua.

Tulimfunga kamba mguuni na kuwekeana zamu. Aliyekuwa zamu alikuwa na kazi mbili: kumtazama jogoo, na kupasua kila kinyesi chake kwa kijiti, ikiwa Telesphori amekosea kuhusu firigisi. Mahindi mazuri alikula yeye. Sisi tulikula ugali wa mtama. Mama Paskalia aliwaambia watu kwamba tumerogwa, na walioniuliza niliwakubalia, ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Jumatatu Telesphori alirudi kutoka mnadani na jogoo mwingine kwapani. Mwekundu vilevile, mkia mweusi vilevile, upanga wa kichwani umelalia upande uleule.

"Wa nini huyu?" nikamwuliza.

"Watu wameanza kusema. Mwizi akija, aone wawili. Atachukua mmoja, nasi tutaomba Mungu achukue asiye na kitu."

Tuliona ni akili. Ili tusimpoteze wetu, nilimfunga uzi mwekundu juu kwenye paja, ndani ya manyoya. Nilitumia fundo la kufungia ndama ambalo baba alinifundisha, lile ambalo ndama akivuta linazidi kukaza. Hakuna Mkatoliki wa Ushirombo anayelijua.

Siku ileile, tukiwa shimoni, Telesphori aliacha kugonga akaniambia, "Masele, watatu ni wengi."

"Ndiyo," nikasema.

Jumanne kisimani, Gelasius alijaza ndoo yake, akatazama nyuma, akaniambia, "Masele, watatu ni wengi."

"Ndiyo," nikasema.

Sikumdanganya yeyote. Watatu walikuwa wengi. Mimi pia nilikuwa nimeshagawanya kumi na nane kwa mbili.

Jumanne ileile Telesphori alianza kunoa panga. Alinoa asubuhi na jioni, na majani ya kufyeka hayakuwepo. Gelasius akaacha kula kwenye sufuria moja nasi. Alikuwa anakwenda kwa Mama Paskalia anamsimamia mpaka apakue, na akipewa sahani anasubiri mwingine aonje.

Jumatano asubuhi Telesphori alishuka shimoni. Hatukuwa tena na haja ya kuchimba, lakini wachimbaji wakiacha kuchimba ghafla, kila mtu anajua wamepata. Zamu ya majogoo ilikuwa ya Gelasius. Mimi nilikuwa nimekesha zamu yangu, nikalala kivulini kwenye ukuta wa nyumba ya yule mzee. Nilipoamka jua lilikuwa limepanda na Gelasius ndiyo kwanza anaingia kwa mwanya wa uzio, ana vumbi mpaka magotini, midomo mikavu. Kwapani alikuwa na jogoo mmoja. Akamfunga kwenye gogo, akakaa.

"Ulikuwa wapi?" nikamwuliza.

Akajipangusa vumbi magotini. Nikachukua koleo, nikasogea shimoni kuondoa udongo uliorundikana.

Shimo lile lilikuwa futi thelathini. Udongo wote tuliotoa ulikuwa umelundikwa ukingoni upande wa juu, umezuiwa kwa mbao mbili na nguzo moja. Telesphori ndiye aliyeitengeneza. Kila baada ya muda alikuwa anapiga kelele kutoka chini, "Majogoo wapo?" na aliye juu anajibu, "Wapo." Sasa akauliza tena.

"Majogoo wapo?"

"Yupo," Gelasius akasema.

"Yupo nani? Wapo wote?"

"Yupo wa uzi. Yule mwingine hayupo."

Chini kugonga kukakoma. Halafu Telesphori akasema, na sauti ilikuwa si ya kawaida yake, "Nivuteni juu. Gelasius, nivute juu sasa hivi, unanisikia? Usiende popote. Nakuja."

Gelasius akanitazama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa jina mahakamani. Akauchukua mtaimbo, akazunguka nyuma ya lundo, akapiga ile nguzo mara mbili. Mara ya pili ikatoka.

Udongo ulishuka bila kelele nyingi. Ulishuka kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, na ulipokwisha, shimo lilikuwa na kina cha futi kumi tu na vumbi linapanda kama moshi wa jikoni.

Koleo lilikuwa mkononi mwangu. Nakumbuka nililitazama. Nilijua mtu anaweza kukaa dakika kadhaa chini ya udongo mkavu kama kuna uwazi mbele ya uso. Nilijua pia kwamba tukichimba wawili kwa nguvu tungemfikia baada ya saa mbili. Nilihesabu hivyo kwanza. Halafu nikahesabu elfu tisa. Halafu nikaliegemeza koleo kwenye uzio.

"Alikuwa anakuja kuniua," Gelasius akasema.

"Sawa."

"Umemsikia sauti yake."

"Nimemsikia. Lete kisu."

Hatukungoja Ijumaa. Nilimkanyaga jogoo mbawa nikamchinja, nikampasua, nikatoa firigisi. Gelasius alikuwa amechutama karibu sana, rozari yake inagusa damu. Nikaikata firigisi katikati, nikaifungua kiganjani. Kulikuwa na punje za mahindi zilizosagika nusu, kokoto, na kipande cha kifungo cha shati.

Tukaosha kokoto zile moja moja. Tukaosha tena. Gelasius akapasua utumbo wote, akauminya kama nguo.

"Labda amelisaga," akasema.

"Almasi?"

"Sijui. Mimi sijasoma mambo ya kuku."

Ndipo nikautazama uzi. Ulikuwa bado pajani, mwekundu, lakini fundo lilikuwa fundo la kawaida, la kufungia kiatu. Mtu alikuwa ameukata uzi wangu na kufunga mwingine kwenye paja la jogoo mwingine, ili siku ya kuondoka achukue yule asiye na uzi na sisi tubaki tunamlinda huyu. Sikuwa na haja ya kuuliza ni nani.

"Huyu siye," nikasema. "Yule mwingine umempeleka wapi?"

Gelasius akaishika rozari yake. "Kwa Mzee Bujiku."

Bujiku alikuwa mfumu, mpiga ramli, alikaa mwendo wa saa moja kuelekea mashariki. Alikuwa anasoma kuku. Unamtemea kuku mate mdomoni, mfumu anamwua, anampasua, halafu anasoma shida yako katika nyama: hapa mbawa, hapa maini, hapa mgongo. Huwezi kwenda na kuku uliyenunua njiani. Lazima awe amelala kwako na kula kwako, kwa sababu kuku wa mnadani hajui habari zako. Na akishasomwa, kuku ni wa mfumu. Hilo kila mtu analijua, hata mtumikia misa.

"Ulikwenda kuuliza nini?"

"Nani kati yenu ataniua."

"Akakuambia nini?"

"Shemeji yangu."

Tulikwenda mbio. Njiani Gelasius alikuwa anasimama kutapika, halafu ananifikia tena. Tulimkuta Bujiku amekaa nje, anashona mguu wa kigoda kwa kamba ya ngozi. Alikuwa mzee mfupi, safi, kucha zake zimekatwa vizuri. Banda lake la ng'ombe lilikuwa na mbuzi wanne.

"Shikamoo baba," tukasema.

"Marahaba. Mmekimbia. Kuna aliyekufa?"

"Hakuna," nikasema. "Tumekuja kwa ajili ya yule kuku."

"Kuku tumemla."

"Firigisi," Gelasius akasema. "Ndani ya firigisi, baba."

Bujiku akavuta kamba, akaikaza kwa meno. "Mlikuwa na jiwe jeupe humo. Nililiona. Baya sana. Kwa miaka arobaini sijaona kuku mwenye jambo baya kama lile tumboni."

"Liko wapi?"

"Jambo baya linapelekwa wapi? Nimelitupa njia panda. Pale njia ya kijijini inapokutana na barabara ya Shinyanga. Nililitupa kwa mkono wa kushoto bila kutazama, kama inavyotakiwa."

Tulimwamini. Hata leo ukiniuliza, nasema mtu yeyote wa kwetu angemwamini. Uchafu wa namna ile unatupwa njia panda, watu wanaukanyaga na kuondoka nao kidogo kidogo mpaka unakwisha. Hakuna mahali pengine.

Njia panda ilikuwa kipande cha vumbi, ukubwa wa uwanja wa shule. Tulianza kuchekecha saa tisa mchana, kwa chekeche letu wenyewe. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni akasimama.

"Mnatafuta nini, wanangu?"

"Ufunguo," Gelasius akasema.

"Ufunguo wa nini?"

Hatukuwa na mlango duniani. Yule mama akatazama chekeche, akatazama mikono yetu, akatua kuni zake. Baada ya nusu saa alikuwa amerudi na jembe na wanawe wawili. Jua linatua, watu arobaini walikuwa wanatafuta ufunguo wetu.

Alhamisi walikuwa mia mbili. Walikuja na masururu, mabeseni, neti za kuvulia. Walipima vipande kwa miguu wakagombana mipaka. Mwalimu mmoja alipigwa sururu la bega. Mtu akapata kipande cha chupa ya soda, akaumwa mkono na jirani yake hadi mfupani, na kile kipande kikauzwa mara tatu kabla ya saa sita. Mama Paskalia akahamishia jiko lake pale. Sisi wawili tulichimba pembeni, hakuna aliyetukumbuka kwamba tulianza. Gelasius hakusimama kupumzika. Nadhani akisimama alikuwa anasikia kitu.

Ijumaa barabara haikuwepo tena. Kulikuwa na handaki linalofika kifuani, na basi la Shinyanga limesimama upande wa pili, abiria nao wameshuka wanachimba. Land Rover ya Kamili ikafika. Akashuka, akasimama ukingoni kwa viatu vyake vyeupe, akatutafuta kwa macho mpaka akatuona.

"Masele. Mzigo wangu?"

"Tunautafuta, bwana."

Akawatazama watu. "Wote hawa wanautafuta?"

"Wote."

Akachota udongo kidogo, akausugua kwa vidole viwili, akautupa. Akamwambia dereva wake ageuze gari.

Askari walikuja saa nane, kwa sababu ya barabara. Walikuwa wanne na sajini. Sajini alikuwa anauliza nani kiongozi wa kazi hii, na kila mtu anamwonyesha mwingine, ndipo Mama Paskalia akapita katikati yao na sinia lake kichwani, hasira yake ikiwa juu ya jambo jingine kabisa.

"Hawa watatu wamenitia hasara," akamwambia sajini, akitunyooshea kidole. "Naambiwa nipike sahani tatu. Telesphori hajala tangu Jumatano. Chakula chake nampa mbwa."

"Telesphori yuko wapi?" sajini akauliza, si kwa nguvu. Alikuwa anauliza tu.

"Yuko zizini," Gelasius akasema kutoka ndani ya handaki.

Na akaeleza. Alieleza kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: pita hapa, kuna uzio, kuna shimo, yuko chini, futi ishirini hivi. Akasema alitoa nguzo kwa mtaimbo.

"Kwa nini?"

"Kuku alisema ataniua."

Sajini alikuwa anaandika. Akasimamisha kalamu. "Kuku gani?"

Hakuna aliyecheka. Walioelewa walikuwa wengi kuliko sajini.

Wakaniuliza mimi nilikuwa wapi wakati huo. Nikasema nilikuwa nimekwenda kuteka maji. Gelasius akanitazama kwa muda. Halafu akasema, "Ndiyo. Huyu alikuwa amekwenda maji." Sijui kwa nini alisema hivyo. Nimekuwa na miaka mingi ya kufikiri na bado sijui.

Telesphori alitolewa Jumamosi. Mikono yake ilikuwa juu ya kichwa, na kwenye mfuko wa shati kulikuwa na kipande cha uzi mwekundu na shilingi nane. Walipokuwa wanapekua zizi waliona udongo uliochimbuliwa kando ya uzio, wakalifukua lile gunia la pamba. Gelasius akaulizwa huyu wa pili ni nani. Akasema hamjui. Ikachukua miezi minne mpaka daktari akaandika kwamba ni mifupa ya mtu aliyekufa zamani, na miezi yote hiyo Gelasius alihesabiwa maiti mbili. Mimi ningeweza kusema. Wiki za mwanzo nilikuwa palepale Maganzo, nikibeba mizigo dukani, siku tatu nakula, moja naruka.

Kifungo cha Gelasius kilikuwa cha maisha. Alikufa mwaka wa tano. Sikwenda kumwona.

Wiki tatu baada ya mambo yale, dereva wa lori akaniletea ujumbe mwingine wa Scolastika. Baba hasemi tena ila neno moja, dume, akiinua kidole kuelekea zizini.

Siku hiyohiyo dukani walikuwa wanazungumza kwamba Mzee Bujiku amejenga zizi jipya. Wagonjwa wake wamempa ng'ombe. Mtu akasema wagonjwa wangapi, maana ni ng'ombe ishirini na sita, wana alama za moto za watu mbalimbali, na wote wamefika kwa wiki moja. Mwingine akasema ameiona Land Rover ya Kamili huko, Jumapili ile baada ya fujo za barabara.

Nilikwenda asubuhi yake. Bujiku alikuwa amekaa kwenye kigoda kilekile.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Leo hukukimbia."

Nikakaa chini. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Ng'ombe walikuwa wanatoka zizini mmoja mmoja, nikawahesabu. Ishirini na sita kweli.

"Yule kuku wa Gelasius," nikasema. "Alisema nini hasa?"

Bujiku akafikiri, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikula nini jana.

"Hakusema kitu. Alikuwa kuku mzima, mwenye afya. Mbawa safi, maini safi." Akakuna goti. "Lakini mwenzio alikuwa amekaa mbele yangu, na mimi jiwe liko kwenye kiganja. Aliniambia mko watatu. Watatu mngerudi wote na mapanga. Nikamwambia ni shemeji yake. Ningesema ni wewe, ungekuwa wewe."

"Kwa nini hukusema ni mimi?"

"Jina lako sikulijua. Yeye alimtaja shemeji tu."

Nilikaa na jambo lile. Nilingoja hasira ije. Nilikuwa na kisu kiunoni na mzee alikuwa na miaka sabini. Haikuja. Kilichokuja ni dume jeusi lenye uso mweupe, linatoka mlangoni la mwisho, shingo nene, ngozi inang'aa, halina kovu hata moja.

"Baba yangu anakufa Segese," nikasema.

Bujiku akaligeukia lile dume, kisha akanitazama mimi. Alikuwa mfumu, alijua ninazungumza nini.

"Chukua," akasema. "Halafu usirudi huku."

Nililiswaga siku sita. Nilipitia Ibadakuli nikikata porini kukwepa barabara, nikalinywesha kwa watu, nikalala nimejifunga kamba yake mkononi. Lilikuwa dume pole. Nilipoingia kwetu, Scolastika alitoka jikoni akaliona kabla ya kuniona mimi. Tukamtoa baba nje kwenye ngozi yake ya kulalia. Akalitazama kwa muda mrefu.

"La nani?"

"Lako."

"Umelipata wapi?"

"Nilichimba," nikasema.

Akaridhika. Aliishi siku nne, akafa alfajiri.

Tulilichinja lile dume na kulichuna, tukamfunga baba ngozi ikiwa bado ina joto. Kwetu mtoto mkubwa wa kiume ndiye anayeshuka kaburini kumpokea. Nikashuka. Ngozi mbichi ni nzito sana, na inateleza, nikampokea kifuani, nikamlaza ubavu wake wa kulia. Nikaona damu mikononi, nikaifutia ukutani. Halafu nikainua kichwa.

Wanaume walikuwa wamesimama ukingoni, sita au saba, na mwanga nyuma yao sikuona nyuso. Kila mmoja alikuwa na koleo. Udongo wote ulikuwa umelundikwa upande wa juu, karibu kabisa na ukingo, bila ubao wala nguzo. Nilisimama pale, na nikaona kwamba nangoja.

Baada ya muda mmoja wao akaweka koleo lake chini, akachutama.

"Masele, lete mkono."

Nikampa mkono. Wakanivuta.

Nyama ya dume lile iligawanywa jioni. Ilikuwa ngumu. Nilikula.